Barua ya wazi kwa Maaskofu wa Sumbawanga, Mpanda, Kigoma na Mbeya: vitabu vya Karema viwe na orodha moja

Wahashamu Baba Maaskofu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Tunawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliko mikononi mwa askofu mmoja. Jina la Jimbo Katoliki la Karema, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, lilifutwa mwaka 1969. Kiti chake, watu wake na karatasi zake leo vimegawanyika katika majimbo yenu manne. Ombi letu ni hili: iandaliwe orodha moja ya nyaraka zote zilizoandikwa chini ya maaskofu walioongoza eneo la Kanisa lililoitwa kwanza Tanganyika, kisha Karema, popote zilipo, na kila kitabu kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala zitunzwe sehemu tatu. Hatuombi kitabu chochote kihamishwe kutoka kilipo.

Tuanze na historia, maana kazi hii ikianza na majina yaliyochanganywa itaharibika kabla haijaanza.

Kituo cha Karema hakikuanzishwa na Kanisa. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II, alianza kujenga boma hapo, karibu na maji. Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa kupita kawaida, na Mto Lukuga, unaolitoa maji kwenda upande wa Kongo, ulikuwa ndiyo kwanza umezibuka. Maji yakaanza kushuka, takriban mita 10 katika muda wa miaka 15 hivi, na boma likabaki nchi kavu, mbali na ufuo. Msomaji wa maelezo ya wasafiri wa kwanza asipolijua hilo atadhani walidanganya, au atadhani boma lilikuwa mahali pengine. Mwaka 1885, Leopold akiwa amekwisha kujihakikishia Kongo kwenye mkutano wa Berlin, Émile Storms, mkuu wa mwisho wa kituo, aliikabidhi Karema pamoja na Mpala, kituo cha ng'ambo ya ziwa, kwa Mapadre Weupe (Wamisionari wa Afrika), shirika la Kardinali Lavigerie.

Mapadre hao walikuwa wamefika Ujiji tangu Januari 1879. Mwaka uliofuata Roma iliwapa Tanganyika kama eneo la misioni linalojitegemea, na mwishoni mwa 1886 likapandishwa kuwa Vikariati ya Kitume, yaani eneo ambalo halijawa jimbo kamili, linaloongozwa na askofu kwa niaba ya Papa. Vikari wake wa kwanza, Jean-Baptiste Charbonnier, aliwekwa wakfu Kipalapala karibu na Tabora, Agosti 1887, kwa mikono ya Askofu Livinhac. Machi 1888 alikuwa amekwisha kufa, hapo hapo Karema. Akafuata Léonce Bridoux, aliyeteuliwa 1888 na kufariki 1890. Wawili hawa hawakukaa hata miaka minne kwa pamoja, ndiyo maana mara nyingi wanasahaulika na orodha inaanzia kwa Adolphe Lechaptois.

Lechaptois ndiye aliyeijenga vikariati hii. Aliteuliwa 1891 na kuongoza hadi kifo chake, Novemba 1917. Chini yake, mwaka 1907, lilizaliwa Karema shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Miaka yote hiyo alifanya kazi huko Adriani Atiman, mtoto wa nchi inayoitwa leo Mali, aliyetekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, na kutibu watu Karema tangu mwisho wa miaka ya 1880 hadi alipofariki 1956. Mtu huyu mmoja alifanya kazi chini ya maaskofu watano mfululizo. Anayetaka kumwandikia historia kamili hawezi kuishia kwenye chumba cha nyaraka cha jimbo moja.

Hapa kuna tahadhari kwa makarani. Vikari wa Kitume hakuwa "Askofu wa Karema" wala "Askofu wa Tanganyika". Alipewa jina la jimbo la kale lisilo na waamini, na ndilo alilotumia kutia sahihi. Lechaptois alikuwa askofu wa Utica, mji wa kale ulioko Tunisia. Karani akikuta sahihi ya Kilatini yenye neno Uticensis asiiandike kwenye orodha kama barua ya askofu mgeni aliyepita njia. Ni Lechaptois huyo huyo.

Baada yake kiti kilikaa wazi hadi 1920, alipoteuliwa Joseph Birraux. Huyu aliondoka 1936 baada ya kuchaguliwa Mkuu wa Shirika lote la Mapadre Weupe, nafasi ikachukuliwa na Jan van Sambeek. Mwaka 1946 eneo likakatwa vipande viwili: kaskazini ikawa Vikariati ya Kigoma, na van Sambeek akaenda nayo, kusini ndiyo iliyopewa kwa mara ya kwanza jina la Karema, chini ya James Holmes-Siedle. Tarehe 25 Machi 1953 vikariati za nchi nzima ya Tanganyika zilipogeuzwa kuwa majimbo kamili, Karema nayo ikawa jimbo. Mwaka 1958 Holmes-Siedle alihamia Kigoma, na Karolo Msakila akawa Askofu wa Karema. Tarehe 24 Oktoba 1969 jina likabadilishwa, likawa Jimbo la Sumbawanga.

Kwa hiyo Jimbo la Karema, kwa jina na hadhi hiyo, liliishi miaka 16 tu na kuongozwa na maaskofu wawili. Msakila hakuhamishwa kwenda Sumbawanga na hakuteuliwa upya kwa jimbo jipya. Aliendelea kuongoza jimbo lile lile lililobadilishwa jina. Kijitabu cha jubilei kinachosema Sumbawanga "ilizaliwa 1969" kinaipunguzia umri. Kinachosema Karema "ilizaliwa 1885" kinachanganya kituo na jimbo. Na kinachomwita Charbonnier Askofu wa Sumbawanga kimeruka hatua tatu za sheria. Tunaomba orodha rasmi iwe na safu tatu kwa kila askofu: cheo chake halisi, jina la eneo wakati huo, na miaka.

Fundo kubwa lilikuja 23 Oktoba 2000, lilipoundwa Jimbo la Mpanda kutoka Sumbawanga. Parokia ya Karema yenyewe iliangukia Mpanda. Mrithi wa kisheria wa jimbo, mwenye mhuri na kansela (mtunza nyaraka za jimbo), ni Sumbawanga. Mahali penyewe, alipofia Lechaptois, ni Mpanda. Desemba 2018 Mbeya ikafanywa Jimbo Kuu na Sumbawanga ikawekwa chini yake, wakati Mpanda na Kigoma zimebaki chini ya Tabora. Misioni za zamani za upande wa Ziwa Rukwa kama Galula na Mkulwe, zilizoanzishwa na mapadre hao hao, nazo ziko Mbeya. Hakuna ofisi moja ya Kanisa yenye mamlaka juu ya vitabu hivi vyote, isipokuwa mkiketi pamoja.

Bahati njema ni kwamba maaskofu wakuu wote wawili wanaijua nyumba hii kwa ndani. Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya aliongoza Mpanda kuanzia 2014 hadi 2018. Mwadhama Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora alikuwa Askofu wa Kigoma kuanzia 2008 hadi 2012. Sioni ni lini tena kanda hii itapata nafasi kama hiyo, na wenzangu tunaoandika nao barua hii wanakubali.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wanahistoria. Sivyo. Kitabu cha ubatizo ni chombo cha kazi cha kila siku. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inataka kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima viandikwe pembeni mwa jina la mbatizwa, na kila cheti cha ubatizo kinachotolewa kionyeshe maelezo hayo. Kanuni ya 1122 inamtaka paroko aliyefungisha ndoa apeleke taarifa kwenye parokia ya ubatizo. Chukua mfano wa mama aliyebatizwa Karema 1964 na kufunga ndoa Kigoma 2003. Cheti chake cha zamani kimeandikwa Jimbo la Karema. Karani wa Kigoma anatafuta jimbo hilo kwenye kitabu cha anwani, halipo. Anaambiwa ni Sumbawanga. Anapeleka barua Sumbawanga, na kitabu kiko parokiani, Jimbo la Mpanda. Taarifa ikikwama njiani, kitabu cha Karema kitaendelea kumwonyesha mama huyo kuwa hajaolewa. Miaka ikipita na shauri la ndoa likifika mahakama ya Kanisa, ushahidi unaotafutwa ni ule uliopaswa kuwa pembeni mwa ukurasa huo. Ukurasa mmoja wenye jedwali la "parokia, jimbo la zamani, jimbo la leo", ukibandikwa katika kila ofisi ya parokia za majimbo manne, ungemaliza nusu ya tatizo hili ndani ya mwezi.

Sasa kazi yenyewe.

Kanuni ya 488 hairuhusu hati kutolewa kwenye hifadhi isipokuwa kwa muda mfupi na kwa ruhusa, kwa hiyo watu waende kwenye vitabu, vitabu visifuate watu. Kanuni ya 491 inataka orodha za nyaraka za parokia ziwe na nakala mbili, moja parokiani na moja jimboni. Tunachoongeza sisi ni nakala ya tatu, inayokwenda kwenye orodha ya pamoja. Mkataba wa ukurasa mmoja, uliosainiwa na maaskofu wanne na makansela wao, unatosha. Useme umiliki haubadiliki, useme nani anaruhusiwa kuona nini, na useme kila jimbo litatoa watu wawili kwa ajili ya kazi.

Kinachotafutwa ni zaidi ya vitabu vya sakramenti. Lavigerie aliagiza kila kituo kiwe na mapadre wasiopungua watatu na kiandike shajara ya kila siku. Humo ndimo mlimo mvua na njaa, malale ya pwani ya ziwa, misafara iliyopita, nani alikuja kulalamika na nani alikataa kuja. Kuna ripoti za mwaka za Mapadre Weupe, ambazo mwaka wao ulianza Julai, kwa hiyo ripoti ya "1910-1911" ni moja, si mbili. Kuna daftari za wakatekumeni, ambao walifundishwa miaka minne kabla ya ubatizo. Kuna nyaraka za kichungaji za maaskofu, hati za viwanja, ramani za vigango, daftari za shule, na picha ambazo zisipoandikwa majina mapema, wanaozitambua watatutoka.

Kwa kila kitabu, fomu moja: namba ya utambulisho, parokia iliyokiandika, jimbo la wakati huo, jimbo la leo, aina, tarehe ya kwanza na ya mwisho, idadi ya kurasa, namba ya kwanza na ya mwisho ya wabatizwa, lugha, na hali yake. Zile namba za wabatizwa zisirukwe hata kidogo. Mapadre walihesabu mfululizo kutoka kitabu hadi kitabu. Kitabu cha kwanza kikiishia 1,482 na kinachofuata kikianza na 2,011, kati yake kuna watu 528 na kitabu kimoja hakipo. Ni njia rahisi kuliko zote ya kujua kilichopotea, na haihitaji utaalamu wowote. Tahajia nayo iachwe ilivyo: Tanganika bila "y", Karéma yenye alama juu. Tahajia ya leo iandikwe kwenye safu ya pembeni.

Upigaji picha hauhitaji mashine ya gharama. Kamera ya megapikseli 20 au zaidi ikifungwa kwenye stendi na kutazama chini, meza iliyo karibu na dirisha lisilopigwa na jua, kitambaa cheusi chini ya kitabu, na rula ndani ya kila picha. Bila flashi. Mmoja anafungua kurasa, mwingine anapiga. Kitabu cha mifunuo 300 huisha kwa nusu siku kama hawakimbizani. Pigeni jalada, mgongo na kurasa tupu pia. Kila jioni picha zote zifunguliwe kwenye kompyuta kabla kitabu hakijarudi rafuni, maana ukungu kwenye picha huonekana siku umekwisha kuondoka kilomita mia mbili. Kwa megabaiti 10 kila picha, diski ya terabaiti moja inabeba kama picha 100,000, kwa hiyo nafasi haitakuwa kisingizio. Diski tatu: parokia au jimbo lenye kitabu, Sumbawanga, na moja iliyo mbali, tuseme Tabora. Zifunguliwe kila mwaka kuona kama bado zinasomeka, na baada ya miaka mitano data ihamishiwe kwenye diski mpya.

Simu inaweza kutumika, lakini si kwa zile programu za kuskani zinazokata kingo na kuufanya ukurasa mweupe. Maelezo ya pembeni mwa vitabu hivi mara nyingi yameandikwa kwa penseli, na programu hizo huyafuta kama uchafu. Taarifa za ndoa tulizozisema hapo juu ndizo zinazotangulia kupotea.

Wino wa zamani wa chuma hula karatasi: herufi hugeuka kahawia na mwishowe hutoboka. Ukurasa wa namna hiyo usikandamizwe kwa kioo na usikunjwe. Vitabu vingi huuawa na watu wenye nia njema: gundi ya selotepu hugeuka njano na kumeza maandishi, laminesheni haiondoleki, dawa ya mende ikipulizwa kwenye kurasa huacha madoa na sumu kwa msomaji, kuanika juani hupindisha jalada. Kitabu chenye wadudu kifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe, kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14, kisha kiachwe humo humo mfukoni siku nzima nje ya friza ndipo kifunguliwe, la sivyo kitapata unyevu. Friza za samaki zipo kila mji wa ziwani. Tafuta iliyo safi, na usiichanganye na samaki.

Rafu ziwe za chuma, sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, ili mchwa akianza kujenga njia yake aonekane. Vitabu vifungwe kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila wanga, si kwenye mfuko wa plastiki wa kudumu, kwa sababu joto la kando ya ziwa hutoa jasho ndani ya plastiki na kuvu hufuata. Chumba kisiwe chini ya tangi la maji.

Nani aone nini? Vitabu hivi vina siri za watu: watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ruhusa za vizuizi vya ndoa. Tunapendekeza maandishi yasiyotimiza miaka 100 yasiwekwe wazi, bali mwenye jina au mwanawe apewe cheti chake kama kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inawahusu mnapoweka majina kwenye kompyuta. Picha zisipandishwe kwenye intaneti kabla mkataba haujasema hivyo.

Barua mbili nyingine ziandikwe kwa pamoja. Moja iende Roma, kwenye hifadhi ya Wamisionari wa Afrika, kwa sababu vituo vilikuwa vikituma nakala au muhtasari wa shajara kwa wakubwa wao, na pengo la Karema huenda likazibwa huko. Wakiombwa na maaskofu wanne kwa sauti moja watajibu kwa uzito tofauti na wanavyomjibu mtafiti mmoja mmoja. Ya pili iende Jimbo la Kalemie-Kirungu, Kongo, lenye Mpala. Mwanzoni pwani zote mbili zilihudumiwa na mapadre wale wale, na watoto waliokombolewa utumwani walivushwa huku na huko kwa mitumbwi.

Kuhusu majengo tutasema machache, kwani mwenye neno la mwisho ni Serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe jengo lililojengwa kabla ya 1863. Boma la Karema ni la 1879, kwa hiyo ulinzi wake unategemea tangazo la Waziri, lenye ramani na mipaka iliyopimwa. Askofu wa Mpanda ndiye mwenye nafasi ya kulisukuma, hasa sasa ambapo bandari mpya ya Karema inavuta malori, maduka na wanunuzi wa viwanja. Wakati huo huo, kuta za zamani za udongo zisipigwe plasta ya saruji: saruji hufungia unyevu ndani, tofali hugeuka uji nyuma ya plasta inayoonekana nzima, na ukuta hudondoka bila kuonya. Plasta ya chokaa, sehemu moja kwa mchanga tatu, ndiyo inayopumua.

Tunaomba kazi ianzie kwenye parokia ya Karema yenyewe na kwenye ofisi ya kansela wa Sumbawanga, wakati wa kiangazi kati ya Juni na Septemba, barabara zikiwa zinapitika na hewa ikiwa kavu. Sehemu hizo mbili zikikamilika, fomu na namba zitakuwa zimejaribiwa, na Kigoma na Mbeya wataingia bila kurudia makosa. Hatua ya kwanza haina gharama: kila jimbo litaje kwa barua jina la padre mmoja anayehusika na nyaraka, na majina hayo manne yajulikane kwa maparoko wote.

Wenu katika Kristo,

Waamini na wafuatiliaji wa historia ya Kanisa, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika

Nakala: Mwadhama Kardinali Askofu Mkuu wa Tabora; Mhashamu Askofu wa Kalemie-Kirungu; Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale.